Mdudu Kibibi na Mwanawe



Jumapili ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kiumbe asiyezidi punje ya kunde kwa ukubwa. Huenda msikilizaji akashangaa na kuuliza: Dunia imejaa mambo mazito, nasi twaambiwa habari za mdudu? Lakini walimu wa kale hawakuona haya kuwaendea wadudu. Kitabu cha Mithali kinampeleka mvivu kwa sisimizi akajifunze kazi, na katika Kurani Tukufu zimo sura zenye majina ya nyuki, ya sisimizi na ya buibui. Ikiwa viumbe hao walipewa kiti katika madarasa makubwa namna hiyo, basi nasi tusione vibaya kukaa kitambo kidogo na mdudu mmoja ambaye huingia nyumbani pasipo kubisha hodi.

Tuanzie Mlingotini. Hiki ni kijiji cha pwani, kusini ya mji wa Bagamoyo, kando ya ghuba tulivu yenye mikoko. Watu wake huishi kwa bahari na kwa shamba. Wapo wavuvi, wapo akina mama wanaolima mwani wakati wa maji kupwa, na nyuma ya nyumba ipo minazi, mihogo, kunde na mipapai. Katika kijiji cha namna hii mlango haufungwi mchana, na ukuta haumzuii mdudu. Mende, mbu, nzi na mchwa, kila mmoja huingia kwa wakati wake, na kila mmoja ana adhabu yake: huyu hupigwa kandambili, yule hufukizwa moshi, yule hupulizwa dawa. Lakini mara moja moja huja mgeni wa namna nyingine. Pengine amekuja juu ya fungu la kisamvu, pengine katika kanga iliyoanikwa uani, au ameufuata mwanga wa taa. Mgongo wake umeviringana kama nusu ya punje. Ni mwekundu au wa rangi ya chungwa, na una madoa au mistari myeusi. Katika vitabu tunakuta akiitwa mdudu kibibi.

Hapo ndipo hutokea jambo la ajabu. Mkono uliokwisha kuinua kandambili husita. Mama humwambia mtoto, "Mwache huyo, hana neno." Mtoto humwekea kidole, naye mdudu hukipanda taratibu mpaka nchani, hufungua mgongo wake kama mtu afunguaye sanduku, hutoa mabawa na kuruka. Nyumba nzima hutabasamu. Swali letu la leo ni hili: Kwa nini huyu amesamehewa, na wenzake wote wamehukumiwa?

Sababu ya kwanza ni rangi yake. Yeye ni kama kipambo kidogo kilichojipachika ukutani. Sababu ya pili ni mwenendo wake: hana mwiba, haibi unga, hapigi kelele sikioni usiku. Sababu ya tatu ni kwamba huja peke yake, na mgeni mmoja si mzigo. Wala si watu wa pwani yetu tu wampendao. Wajerumani, ambao boma lao na makaburi yao yangalipo Bagamoyo, humwita mdudu wa Maria. Wafaransa, ambao mapadre wao walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, humwita mnyama wa Mungu mwema. Waingereza humwita ndege wa Bibi, na Bibi huyo ni Bikira Maria. Warusi humwita ng'ombe mdogo wa Mungu, na Waisraeli humwita ng'ombe wa Musa. Tazameni, ndugu zangu: mataifa yaliyopigana vita, yaliyotengana kwa lugha na kwa madhehebu, yamekubaliana juu ya mdudu mmoja kwamba ni wa Mungu.

Basi, je, upendo huu ni upendo wa kweli? Tuupime.

Kwanza, tuutazame wekundu wenyewe. Sisi tunaona pambo, lakini ndege huona onyo. Mdudu kibibi anaposhikwa kwa nguvu hutoa katika maungio ya miguu yake majimaji ya manjano, machungu na yenye harufu mbaya. Ndege aliyemwonja mara moja hukumbuka rangi ile na kumwepuka. Wala madoa yake si hesabu ya miaka yake, kama wengine wanavyowaambia watoto. Ni alama ya aina yake tu, na aina zake duniani hufikia kama 6,000. Kwa hiyo rangi tuliyoisoma kama mwaliko iliandikwa kama katazo. Tumempenda kwa jambo ambalo hatukulielewa.

Pili, tuutazame upweke wake. Huku kwetu hakuna majira ya baridi kali, ndiyo maana huingia mmoja, tena kwa bahati. Lakini huko Ulaya na Marekani yupo mdudu kibibi mwenye asili ya Asia ya Mashariki, ambaye wataalamu humwita Harmonia axyridis. Alipelekwa huko ili awale wadudu waharibifu wa mimea. Akazaliana mno, na sasa kila baridi inapokaribia, makundi makubwa ya wadudu hao huingia katika nyumba za watu kutafuta hifadhi. Hujibana madirishani na darini, na wakisumbuliwa huacha madoa ya manjano na harufu. Watu wale wale waliomwita wa Maria na wa Mungu mwema huwatoa kwa ufagio na kwa mashine. Aina hiyo imekwisha kufika Afrika pia; mwaka 2011 wataalamu walichapisha habari ya kuonekana kwake Kenya. Hatuwalaumu wenye nyumba zile, kwa maana mtu ana haki ya kulala kitandani pake. Lakini tunajifunza kwamba kumpenda mmoja aliye peke yake ni jambo jepesi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba ukarimu hupimwa siku zinapoongezeka, na vivyo hivyo hupimwa wageni wanapoongezeka.

Tatu, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, tumtazame mwanawe.

Mdudu kibibi hutaga mayai yake ya manjano chini ya jani, karibu na mahali palipo na vidukari, yaani vile vijidudu vidogo laini vinavyofyonza utomvu wa kunde na mboga mpaka majani yakajikunja. Mayai yakianguliwa, hatoki kibibi mdogo mwekundu. Hutoka buu mwembamba, mweusi au wa kijivu, mwenye miiba mgongoni, anayetambaa kama mamba mdogo. Yapo mengine, hasa ya wale wanaokula vidung'ata wa mihogo na mipapai, ambayo hufunikwa na nta nyeupe iliyochanika kama pamba. Nayo hufanana mno na vidung'ata wenyewe, ambao ndio adui. Buu hilo hula usiku na mchana, hujivua ngozi mara kwa mara, kisha hujishikiza kwenye jani na kutulia kimya siku kadhaa. Baadaye ngozi hupasuka, na hapo ndipo tunapompata yule mzuri tumpendaye. Safari yote hiyo, katika nchi ya joto kama yetu, huchukua muda wa kama mwezi mmoja.

Sasa tafakarini. Kazi kubwa ya kulisafisha shamba hufanywa na buu, siku zile anapochukiza macho. Na ni nani amwachaye buu? Mkulima akimwona mweusi mwenye miiba, humponda. Akimwona mweupe mwenye nta, humhesabu kuwa adui, humnyunyizia dawa. Jioni akirudi nyumbani humkuta mdudu mzuri ukutani, naye kwa huruma nyingi humchukua kwa kidole na kumtoa nje asidhurike. Mama amepewa heshima sebuleni. Mtoto wake amepondwa shambani na mkono ule ule, siku ile ile. Huo, ndugu zangu, ndio upendo unaokwenda kwa rangi. Hauna ubaya moyoni, bali hauna macho.

Aidha, upendo wa namna hiyo hudanganyika upande wa pili pia. Katika ukoo huu huu wa mdudu kibibi wamo wachache ambao hawali wadudu hata kidogo. Hao hula majani ya maboga, ya matango na ya matikiti, wao pamoja na watoto wao, mpaka jani likabaki mishipa mitupu. Nao pia wameviringana, nao wana madoa. Wahenga wetu walikwisha kusema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na tukiyainua macho yetu juu ya minazi ya pwani hii, tutamkuta msaidizi asiyependwa na mtu yeyote. Ni sisimizi wa rangi ya chungwa na wekundu, wanaoshona majani pamoja kuwa kiota, na ambao kwa ukali wa kuuma kwao wamepewa jina la maji moto. Mkwezi akipanda mnazi huwalaani. Lakini katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Kiingereza, M. J. Way, aliichunguza minazi ya Zanzibar, akaonyesha kwamba mahali walipo maji moto, yule mdudu anayefyonza vidaka vya nazi na kuviangusha hapati nafasi ya kukaa. Mnazi wenye maji moto ukabeba nazi. Usio nao ukapoteza. Je, ni nani aliyewahi kumtabasamia maji moto? Nani aliyemwita wa Mungu?

Vivyo hivyo katika mihogo. Kidung'ata wa mihogo alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana katika nchi za Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenea barani mpaka akaifikia Tanzania katika miaka ya 1980. Mihogo ilidumaa na njaa ikatishia mamilioni ya watu. Wataalamu wa taasisi ya kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, walileta maadui wa asili kutoka huko kidung'ata alikotoka. Walikuwamo wadudu kibibi, lakini aliyefanya kazi kubwa zaidi alikuwa nyigu mdogo mno, asiyeonekana kwa urahisi, aliyepatikana Paraguay. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Huenda muhogo tulioula jana ulilindwa na nyigu yule, nasi hatukumwona wala hatukumshukuru. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama hana rangi ya kupendeza.

Ndugu wasikilizaji, mmekwisha kutambua kwamba hatuzungumzi juu ya wadudu tu.

Hapa Bagamoyo, katika karne ya 19, watu walifikishwa kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakatazamwa na macho yaliyopima bei: nguvu za mikono, afya ya meno, umbo la mwili. Pwani yetu inajua vema hutokea nini mtu anapotazamwa kwa nje tu. Tungependa kuamini kwamba macho yale yamekwisha kufumbwa. La hasha. Katika nchi yetu hii, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni kwamba macho yao yalikuwa mekundu. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya ngozi waliyozaliwa nayo. Mdudu mwekundu tunamwita kibibi na kumwacha aende zake kwa amani. Na kibibi wa kweli, aliyezaa na kulea, anahukumiwa kwa wekundu wa macho yake.

Na wekundu huo ulitoka wapi? Kwa wengi ulitoka jikoni. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga miaka arobaini, akipuliza kuni mbichi na makumbi, akapikia watoto, wajukuu na wageni, macho yake yatakuwaje? Moshi ule ulikuwa ujira wake. Macho yale ni hati ya utumishi wake, na kila jamaa aliyekula chungu kile angepaswa kuyatazama kwa heshima. Lakini hati ya utumishi imesomwa kama hati ya mashtaka. Hapo kosa la macho si dogo tena, ndugu zangu. Kosa hilo linaua.

Huenda msikilizaji akasema moyoni, "Mambo hayo ni ya mbali. Sisi hapa hatujaua mtu." Vema, na tumshukuru Mungu. Basi tuingie ndani ya nyumba zetu wenyewe. Yupo binti aliyeletwa kutoka bara kusaidia kazi. Yeye huamka kabla ya wote na hulala baada ya wote, lakini hana nafasi penye mkeka wa chakula, kwa kuwa nguo zake zimefifia na lafudhi yake inachekesha. Yupo yatima wa ndugu, ambaye hukumbukwa kisima kinapotakiwa kuendewa. Yupo shangazi mzee asiyesikia vizuri, ambaye watoto wameachwa wamwigize. Na yupo kijana wa kiume wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, mwenye sauti iliyokwaruza na majibu ya mkato, ambaye baba yake amekwisha kutamka mbele ya watu kwamba hafai.

Huyo kijana tumkumbuke hasa leo, kwa sababu yumo katika umri wa buu. Ana miiba. Anakula sana. Anajivua ngozi, na kila ngozi mpya inatuudhi kuliko ile ya kwanza. Kesho huenda akanyamaza siku nyingi, na wazazi watasema amepotea, kumbe amejishikiza kwenye jani. Mwenyezi Mungu, aliyemwekea mdudu mdogo siku zake za kubadilika, hakushindwa kumwekea mwanadamu zake. Anayempondaponda mtoto kwa maneno katika umri huo asishangae baadaye kwamba shamba lake halina msaidizi.

Hatusemi kwamba kila anayeingia afunguliwe kila mlango. Tumekwisha kuwataja wale walao majani ya maboga. Mgeni atazamwe, lakini atazamwe kwa kazi yake: Anapokaa, majani yanapona au yanakauka? Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni mzuri, wala mgeni wa ukoo wetu, wala mgeni aliyevaa vizuri. Walijua kwamba uponyaji wa nyumba mara nyingi huletwa na mtu ambaye mwenye nyumba asingemchagua.

Tutafanya nini basi katika juma hili tunaloanza? Mambo matatu, nayo si magumu.

La kwanza, akiingia mdudu kibibi nyumbani, msiridhike kumwonea huruma na kumwacha ukutani. Nyumbani hamna chakula chake, na akifungiwa humo atakufa kwa njaa akiwa amezungukwa na watu wampendao. Mchukueni kwa karatasi au kwa jani, mkamrudishe penye kunde na mboga. Huruma iliyo kamili hufika mpaka kwenye haja ya mtu. Haikomi kwenye kumtazama.

La pili, mkienda shambani, kabla ya kuinua bomba la dawa, geuzeni jani mtazame chini yake. Kidukari na kidung'ata huganda mahali pamoja au hujivuta polepole. Mkimwona mmoja kati yao aliye mkubwa kuliko wenzake, anayekwenda huku na huko kama askari wa doria, subirini. Huyo huenda ni mtoto wa yule mliyemtoa ndani jana kwa upole.

La tatu, na ndilo kubwa, kila nyumba imtafute mtu mmoja ambaye hajaulizwa habari zake kwa muda mrefu, yule asiyependeza, asiyesikia, au mwenye miiba. Akae mkekani pamoja na wengine, apewe sahani kama wengine, aulizwe amelalaje na anafikiri nini. Na kama ni bibi mwenye macho mekundu, mtoto mdogo na aambiwe mbele yake jinsi macho yale yalivyopata wekundu, apate kukua akijua.

Ee Mwenyezi Mungu, uliyempa mdudu rangi yake na kijana majira yake, utupe macho yanayotazama chini ya jani. Utuzuie mkono tunapotaka kumponda tusiyemjua. Uwalinde wazee wetu katika vibanda vyao usiku huu, na uziponye nyumba zetu kwa wageni uliotuletea Wewe. Amina.